Sista Nohemí, Aliyeogopa Moyo Uliotulia

Tarehe 28 Novemba, Sista Nohemí Quiceno anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili katika wodi ya upasuaji wa moyo, hapa Manizales. Alianza kwa kutandika vitanda. Anaondoka akiwa mkuu wa wauguzi, na hakuna daktari wetu ambaye hajawahi kukemewa naye.

Ukimuuliza kuhusu kazi yake, atakutajia siku moja tu.

Don Eliécer Marulanda, mkulima wa kahawa kutoka Neira, alikuwa amebadilishiwa vali ya moyo. Siku ya tatu mapigo yakavurugika, moyo ukawa unapapatika tu. Kesho yake ukatulia. Mimi ninayeandika haya nilikuwa kwenye zamu naye. "Sista, umeshatulia!" nikamwambia kwa furaha.

"Hapo ndipo ninapoogopa," akajibu. "Ukipapatika, damu hutuama ndani yake na kuganda. Ukianza tena kupiga sawasawa, unalisukuma bonge hadi kichwani. Ameandikiwa dawa ya kuzuia damu kuganda?"

Hakuwa ameandikiwa. Daktari Echavarría alihofia kidonda kibichi kingevuja. "Tungoje hadi kesho," alisema akiwa mlangoni. Nohemí akabisha, daktari akashikilia lake. Basi Nohemí akavuta kiti kando ya kitanda cha mzee. Kila nusu saa, akitafuta dalili za kiharusi, alisema, "Don Eliécer, hebu nionyeshe meno. Inua mikono."

"Sista, unanitongoza?" mzee akatania.

Mara ya tano, saa kumi alasiri, mdomo ulipinda. Mkono wa kulia ukaanguka. Alijaribu kumwita mkewe, ikatoka mikoromo. Nohemí alipiga ukelele uliosikika hadi jikoni, akakisukuma kitanda mwenyewe, mbio, hadi chumba cha kupigia picha za kichwa. Ndani ya saa moja bonge lilikuwa limevutwa nje kwa mrija uliopitishwa mshipani.

Mzee aliishi, ila vidole viwili havikupata nguvu tena.

"Nilikosea?" Daktari Echavarría alimuuliza Nohemí, uso umemsawijika.

"Sijui, Daktari. Ungempa dawa, huenda angevuja damu akafa. Ila tusiamue tena kwa sentensi moja mlangoni."

Tangu hapo, kila moyo unaovurugika baada ya upasuaji hujadiliwa siku hiyohiyo, daktari na muuguzi pamoja, na mgonjwa hakosi mtu wa kumtazama.

Juzi nilimuuliza kama woga umemwisha. "Haujaisha," akasema. "Nimeuzoea tu, kama jirani mbaya."

Asante, Sista. Tunakuombea afya na miaka mingi ya utulivu. Nenda nyumbani, sasa kuogopa ni kazi yetu.