Mkono wa Plasta wa Chemchemi

Kijiwe cha wazee kilikuwa benchi moja refu mkabala na chemchemi ya kijiji, na kwenye ukuta wa chemchemi ndipo lilipokuwa lile jiwe. Lilikuwa jiwe la kaburi la watu wa kale, la marumaru: mzee ameketi, msichana amesimama mbele yake, wameshikana mikono. Kila aliyekwenda kutafuta kazi ng'ambo aliigusa ile mikono kabla ya kupanda basi, ili arudi. Iliguswa miaka na miaka, hata vidole vikalika vikawa donge laini kama kipande cha sabuni kilichobaki. Kabla ya theluji, watu wa makumbusho walilichukua jiwe wakalihifadhi ndani, mvua isizidi kulila, na juma lile wakaleta nakala yake ya plasta, nyeupe kama jibini, wakaipachika palepale. Asubuhi hiyo Asimina alikuwa anaondoka kwenda Ujerumani, kwenye kiwanda cha soksi. Babu yake Zisis, aliyemlea tangu akiwa mchanga, alikuwa ameapa hatampa mkono wa kwaheri.

Asimina alisimama mbele ya benchi, sanduku lake miguuni. Babu alikuwa anaangalia kikombe chake cha kahawa.

— Babu, basi linakuja.

— Lije.

— Nipe basi mkono.

— Mkono nampa mtu atakayerudi. Wewe utashika ile chokaa yao, uende mazima.

Redio, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyejua kitufe cha kumzimia, aliweka kikombe chini.

— Zisis kasema kweli. Lile jiwe lilitoka mlimani kwetu, ndiyo maana lilikuwa linawavuta watu huku. Hii plasta imekorogwa mjini. Itamvutia mtoto huko huko mjini.

— Acha uzushi wewe, alisema Koplo, ambaye jeshini hakupanda zaidi ya hapo, lakini mpaka leo alikaa mgongo wima. Sisi kambini tulikuwa na bunduki za mbao. Adui alituona kwa mbali tu, akakimbia.

— Adui gani?

— Si nimekwambia alikimbia? Ningemjuaje?

— Sikiliza wewe. Jiwe sasa liko makumbusho, siyo? Basi wote waliolishika watarudi kule kule. Shemeji yako atatoka Australia na masanduku yake, atapiga hodi makumbusho, na mlangoni ataulizwa tiketi.

— Na mkewe anayemngoja hapa?

— Atamfuata kule na sufuria la maharage. Afanyeje?

Koplo alicheka peke yake, kisha akaacha. Asimina hakuwa anawasikiliza. Alikuwa anamwangalia babu, ambaye hakuinua macho.

— Babu, kwani baba hakulishika lile la kweli?

Jina la Stergios, baba yake, halikuwa linatajwa pale. Alikwenda Ubelgiji kuchimba makaa ya mawe, mgodi ukamfukia.

— Alishika kwa mkono wa kushoto, babu alisema taratibu. Nilikuwa nimekaa hapa hapa, nikamwona. Wa kulia ulikuwa umekubeba wewe. Nilitaka kumwambia, nipe mtoto, shika vizuri. Nikajisemea, ah, mkono ni mkono. Nikanyamaza.

Asimina hakuwahi kuambiwa hilo. Aliacha sanduku akaenda ukutani. Plasta ilikuwa imechukua kila kitu, ufa wa pembeni, mikunjo ya nguo ya yule msichana, na pale katikati, donge lisilo na vidole. Akaweka kiganja chake cha kulia juu yake. Palikuwa pa baridi, na mkono ulikaa vizuri, kana kwamba pamechongwa kwa ajili yake.

— Babu, hawakuvitengeneza vidole. Wameviacha vile vile vilivyolika. Kila aliyeshika yumo humu. Hata huo mkono wa kushoto wa baba.

Koplo alivua kofia.

Honi ikalia. Basi lilisimama karibu na chemchemi, na kondakta, kijana mgeni katika njia ile, akashuka kuchukua sanduku. Aliona wazee wote wanaukodolea macho ukuta, naye akaangalia.

— Samahani, wazee wangu. Hili si la kaburi?

— La kaburi, alisema Koplo.

— Sasa hapa aliyekufa ni yupi? Binti au mzee?

— Yule aliye... Redio alianza.

Akamwangalia Koplo. Koplo aliangalia ndani ya kofia yake. Maisha yao yote walikuwa wamepita mbele ya watu wale wawili na ndoo za maji, na siku zote walijua kwamba anayekwenda ni aliyesimama; aliyeketi hawakuwahi kumfikiria.

Asimina aligeuka. Babu ameketi kwenye benchi, na mbele yake pale aliposimama yeye muda si mrefu, sanduku. Akaona kwamba babu naye ameona jinsi walivyofanana na jiwe.

— Mkataba wako miaka mingapi? babu aliuliza.

— Mitatu.

— Mitatu, babu alirudia kwa sauti ya chini.

Kikombe chake kilikuwa kimebaki machicha matupu. Alikiweka pembeni, akashika ukingo wa benchi akaanza kuinuka. Koplo alitaka kumshika kwapa, babu akamsukuma.

— Kaa, Zisis, na magoti yako hayo, alisema Redio. Mpe mkono ukiwa umekaa, kwani kuna nini?

— Nikiwa nimekaa, hapana.

Alisimama. Ilimchukua muda, na kondakta hakumharakisha mtu. Asimina alitazama kiganja chake, kilikuwa cheupe kwa vumbi la plasta, akataka kukifuta kwenye sketi.

— Usifute, alisema babu.

Akaushika mkono wa Asimina hivyo hivyo, kwa wake wa kulia.

Basi lilipoanza kupanda mlima, Asimina aliangalia nyuma kupitia kioo. Redio na Koplo walikuwa wamekaa. Babu, katikati yao, alikuwa bado amesimama.