Fundi Aliyeishusha Piano Ikaifuata Filimbi

Miaka ishirini na tisa si mchezo. Ijumaa, tarehe 30 Juni, fundi wetu wa piano atarudisha funguo za stoo ya ala, atatia saini daftari la mlangoni kwa mara ya mwisho, na tamasha letu la muziki litabaki bila mtu aliyelijua kwa sikio vizuri kuliko sisi tunaolijua kwa ratiba.

Jina lake halisi liko kwenye faili, lakini hapa kazini hakuna anayelitumia. Sote tunamwita Bado Kidogo. Ukimkuta ameinamia piano, kichwa kimezama ndani, ukamuuliza kama iko tayari, hilo ndilo jibu utakalopata. Mkurugenzi wetu wa kwanza alilipata mara sita kwa asubuhi moja, na ndiye aliyembandika jina.

Alikuja kwetu akiwa seremala, kukarabati viti vya ukumbini. Siku ya tatu aliweka nyundo chini akamwambia mlinzi kwamba kuna noti moja ya piano "inaongea puani". Fundi wa wakati huo, mama mmoja mkali asiyependa kusahihishwa, akaenda kuijaribu, akakuta ni kweli. Hakumsifu. Alimwambia tu, "Kesho uje saa moja, na unawe mikono." Akamfundisha kwa miaka minne, kisha akamwachia spana na kazi.

Wanaolijua tamasha letu wanajua zile siku nne. Mpiga zeze anapishana na mpiga saksafoni kwenye korido, waimbaji wa mbali wanapasha sauti kwenye ngazi kwa lugha tusiyoielewa, na ngoma inajibiwa kutoka chumba ambacho hakuna anayekumbuka kukifungua. Jengo zima huwa kama linaota. Katikati ya ndoto hiyo, ting, ting, ting, noti moja ikirudiwa: Bado Kidogo yuko kazini.

Lakini kisa tutakachomkumbuka nacho ni cha mwaka wa kumi na tisa wa utumishi wake. Tuliwaalika watu wawili wapige pamoja: bwana mmoja mpiga piano ya jazi, mwenye jina kubwa, na mama mmoja mpiga filimbi ya mwanzi, mpole, aliyekuja na filimbi yake imefungwa kwenye kanga. Saa tatu asubuhi wakaanza mazoezi. Ikawa balaa. Sauti ya filimbi ilikuwa chini ya ile ya piano kwa kiasi kidogo tu, lakini kidogo kile kilikera kuliko kikubwa. Yule bwana akafunga piano, akasema, "Filimbi ikatwe sauti ipande, au nipige peke yangu."

Mama akaiweka filimbi mapajani. "Hii aliitoboa marehemu mume wangu," alisema polepole. "Siwezi kuikata. Acheni tu nirudi nyumbani."

Mimi, mpanga ratiba, nilikuwa nimeshashika kalamu nifute jina lake. Ndipo Bado Kidogo alipotoka nyuma ya pazia.

"Mama, naomba unipigie noti moja tu. Ndefu."

Akapiga. Fundi akafumba macho hadi pumzi ilipokwisha. "Basi," akasema. "Filimbi haina skrubu. Piano inazo zaidi ya mia mbili. Itakayosogea ni piano."

Mkurugenzi alimkumbusha kwamba kesho yake asubuhi kuna bendi inayoihitaji piano hiyohiyo kama ilivyokuwa, na kwamba nyuzi zikishushwa na kupandishwa haraka hukatika. "Ikiharibika, ni juu yako."

"Ni juu yangu," alisema, akavua saa.

Akashusha uzi mmoja mmoja. Akifika mwisho, nyuzi za mwanzo zimeshahama. Akarudia zote, kisha akarudia tena. Mama alikaa pembeni yake kwenye stuli, akitoa noti kila fundi alipoinua kidole. Saa nane mchana yule bwana wa jazi alirudi kuchukua kofia aliyoisahau. Akawakuta bado wako kazini. Kisha akavua koti, akaja akamshikia fundi tochi. Wakamaliza robo saa kabla ya onyesho.

Saa kumi na moja jioni jua liliingia kwa madirisha ya juu, na vumbi likaelea polepole juu ya vichwa vya watu. Filimbi ikaanza. Piano ikaingia chini yake, taratibu, na hukuweza kujua pumzi imeishia wapi na uzi umeanzia wapi. Walipomaliza, watu walisahau kupiga makofi.

Na Bado Kidogo? Alikuwa amelala fofofo nyuma ya pazia. Anaapa kwamba aliusikia muziki wote ndotoni, na mpaka leo anatusimulia mahali ambapo filimbi ilinyamaza na piano ikavuta pumzi. Sisi tuliokuwa macho hatupakumbuki. Onyesho halikurekodiwa. Siku hizi naanza kuamini kwamba yeye ndiye aliyesikia zaidi.

Alfajiri akaipandisha piano. Nyuzi mbili zilikatika, moja ikamchana shavu. Akazibadilisha kabla bendi haijafika. Mkurugenzi alimletea chai mwenyewe. Tangu mwaka ule, kila mgeni huulizwa mapema sauti ya ala yake inasimama wapi, ili sisi ndio tuifuate. Utaratibu huo ni wake, na mafundi wawili aliowafundisha, dada zetu wa karakana, watauendeleza.

Wiki iliyopita mkewe alikuja kumchukua, akamkuta anamalizia piano. Akaketi safu ya mbele. "Baba watoto, miaka yote hii nakusikia ukigonga noti moja moja. Leo nipigie wimbo mzima."

Fundi akaona haya. Kisha akapiga, kwa vidole vinne, polepole, wimbo ambao hatukuujua. Tulifungua milango ya ofisi kimyakimya tusikie.

"Umekosea pale katikati," mkewe alisema.

"Najua. Njoo ukae hapa, nirudie."

Asante, fundi, kwa masikio yako na kwa subira yako. Nendeni salama, wewe na mama watoto. Tunawatakia maisha mema, afya tele, na nyimbo nyingi za kukosea na kurudia.