Wageni wa Ndani ya Wavu

Benchi letu limeegemea karakana ya Seremala. Ni ubao wa mlango wa zamani, na tundu la kitasa bado lipo. Anayechelewa ndiye hukalia tundu. Kahawa hutoka kwenye birika la jirani, na maneno hutoka popote. Jioni hiyo hoja ilikuwa ya Seremala mwenyewe. Nusu ya karakana ameigeuza nyumba ya vipepeo: wavu kutoka darini hadi sakafuni, ndani miche ya ndimu kwenye makopo ya rangi. Mama mmoja mwenye bustani ya maonyesho ya vipepeo kando ya msitu ndiye aliyempa miche na viwavi wa kuanzia, akamwambia atarudi Jumamosi. Akikuta mayai kwenye majani, kazi ya kufuga ni ya Seremala. Asipokuta, anabeba miche yake na kumpa mwingine. Jioni hiyo ilikuwa Alhamisi, na mayai hakuna.

— Walianza vizuri, akasema Seremala. Kiwavi akiwa mdogo anafanana na mavi ya ndege, nani atamla? Akikua anakuwa kijani. Ukimgusa anakutolea pembe nyekundu kichwani, harufu yake huisahau. Akaning'inia, akawa kifuko, huwezi kumtenga na jani. Wakatoka. Rangi ya siagi, mikia kama ya mbayuwayu. Wanaruka tu. Hawatagi.

— Tatizo ni jike, akasema Wakili.

Wakili hajasomea sheria. Aliwahi kuitwa mahakamani kama shahidi, akasinzia.

— Umejuaje? nikauliza.

— Yai likikosekana, Bi Hoja, utamuuliza nani mwingine?

Bi Hoja ndiye mimi. Pale benchini mwanafunzi wa chuo ni mmoja na mwanamke ni mmoja, na wote wawili ni mimi.

— Kwa hiyo mmekwisha mhukumu, nikasema. Hajasikilizwa, hajatetewa, kesi imefungwa kabla kahawa haijapoa.

— Mimi simlaumu jike, akasema Fundi Bomba. Naulaumu mfereji. Maji yetu yana dawa. Kipepeo wa msituni kazoea umande. Jogoo la shamba haliwiki mjini.

— Jogoo halitagi popote, nikamjibu.

Wakacheka, nami nikajihesabia ushindi. Ndiyo mazoea mabaya ya mdahalo: ukishachekewa, huirudii sentensi yako kuona ilibeba nini.

Seremala hakucheka.

— Halafu kuna wavamizi, akasema. Kila asubuhi nawakuta wavuni. Weusi, madoa meupe, hawana mikia. Wanaruka taratibu kama wenye nyumba. Ni wale wa vichakani, wachungu, ambao hata ndege akimdonoa mmoja anamtema. Nawatia koponi, nawarusha juu ya ukuta. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

— Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, akasema Wakili. Umewatazama miguu?

— Miguu ya kipepeo?

— Hapo ndipo ulipokosea. Hao wametumwa. Kuna mfugaji mwenzako anayeitaka kazi hii, anawaingiza weusi ili wawapumbaze wako, wasahau wake zao.

— Wake zao wako wapi?

— Wamesusa.

— Si kususa, akasema Fundi Bomba. Ni mnara wa simu. Ile mikia mnadhani ni pambo? Ile ni antena. Mawimbi yanaingia mkiani, kichwa kinavurugika. Wale weusi ni wajanja, wamejikata mikia wasipate habari.

— Habari gani?

— Kwamba watoto wao watauzwa. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

— Methali hiyo haiendi hapo, nikasema.

— Imeshafika, dada. Isogezee kikombe.

Seremala alikuwa anatazama msumeno uliotundikwa ukutani.

— Kazi ya kutengeneza vitanda vya bweni nimeikataa, akasema. Vumbi la mbao linawaua viwavi, basi nikaona niache. Mke wangu nimemwambia vuta subira.

Na hapo ndipo alipotokea fundi cherehani, dada wa mke wa Seremala, futi ya kitambaa bado iko shingoni. Ndiye aliyeushona ule wavu. Hakukaa.

— Shemeji, nimesikia wavu wangu una tundu.

— Nani kasema?

— Mtaa. Kwamba wadudu wa nje wanaingia. Nimetoka humo sasa hivi. Nimeupapasa mshono wote, wa juu nimetumia ngazi yako. Mlango una zipu mbili. Hata mbu hapiti. Hao weusi wanapitia wapi?

Fundi Bomba alianza kusema habari za mnara, akauacha njiani.

— Sijawaona wakiingia, akasema Seremala. Asubuhi nawakuta tayari. Wamekaa karibu na vifuko vilivyopasuka, mabawa bado yamekunjamana.

— Vifuko vya nani?

— Vyangu.

— Vya wale viwavi uliopewa.

— Ndiyo.

Fundi cherehani alinitazama mimi, labda kwa sababu ya chuo. Nami nilikuwa nimemkumbuka jogoo wangu asiyetaga popote.

— Sasa hao wenye mikia unaowabakiza, akamuuliza Seremala, jike wao ni yupi?

Wakili aliinamisha kikombe, akatazama ndani. Fundi Bomba alimsogezea jirani wa kahawa kikombe chake; birika likainamishwa mpaka mwisho, likatoa machicha.

Chini ya benchi kulikuwa na kopo, kifuniko kimetobolewa kwa msumari. Mateka wa asubuhi hiyo. Wa siku zote za nyuma walikwisha kwenda zao juu ya ukuta. Seremala aliinama, akalichukua kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba uji uliojaa hadi ukingoni, akaingia karakana bila kutuaga.

Tukasikia zipu ya kwanza. Kisha ya pili.