Mama Inua-Mguu na Siku Mbili Bila Fagio

Tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, saa kumi na moja alfajiri, katika chumba namba nne cha kota za reli, mbele ya stesheni. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi wa njia ya reli. Mama yake, aliyekuwa mkunga wa kota nzima, siku hiyo alijizalisha mwenyewe huku akimwelekeza jirani la kufanya, na alizoea kusimulia kwamba mtoto alitoka wakati treni ya mizigo inapita, ndiyo maana hakulia. Aliona hakuna atakayemsikia. Wanaomfahamu marehemu watakubali kwamba baadaye alifidia.

Alisoma shule ya msingi iliyo upande huu wa reli kuanzia mwaka 1966 hadi 1972. Ili kufika, watoto wa kota waliingia ukumbi wa stesheni, wakashuka ngazi za kona ya vyoo, wakapita njia ya chini ya reli na kutokea ng'ambo, ziliko shule, hospitali, soko na haya makaburi tuliposimama. Njia yenyewe ilikuwa nyembamba, na taa yake moja iliwaka ilipojisikia. Alikuwa akipita ameshikwa mkono na dada yake, aliyemzidi miaka minne.

Ijumaa tarehe 9 Juni 1967 njia hiyo ilikuwa imefungwa, mafundi wakikarabati ukuta. Dada yake akamwambia, "Nisubiri hapa, nikaangalie kama kuna treni." Akapanda kwenye mataruma, akaangalia treni iliyokuwa inakuja. Iliyomgonga haikuwa hiyo. Kilikuwa kichwa cha treni kilichokuwa kinarudi nyuma kwenye reli ya pili, upande ambao hakuangalia. Mdogo mtu akasubiri pale pale, begi la dada yake mkononi, mpaka baba yao alipokuja kumchukua. Alikuwa na miaka tisa. Jambo hili hakulizungumza, na wanawe walilisikia kwa baba yao wakiwa tayari watu wazima.

Alimaliza darasa la saba akiwa wa tatu katika hesabu, akabaki nyumbani miaka kadhaa akiuguza wazazi. Tarehe 2 Februari 1979 aliajiriwa stesheni kuwa mfagiaji wa zamu ya asubuhi. Mama yake hakutaka kabisa kusikia habari hiyo. Bintiye akamjibu, "Mama, reli iko pale pale hata nisipoitazama."

Jina mnalomlilia nalo wengi hivi leo alilipata kwenye mabenchi ya ukumbi. Alikuwa akipita na ufagio, anasema kwa sauti ya upole isiyokubali mjadala, "Inua mguu, mwanangu." Wakainua wote, wapagazi na wakubwa wa ofisi. Inasimuliwa kwamba bwana mmoja mwenye suti, aliyekuwa amelala fofofo, aliinua miguu yote miwili bila kufumbua macho, akaiacha hewani mpaka Mama Inua-Mguu alipomaliza benchi la jirani.

Lakini wenzake wa kazini wanamkumbuka kwa jambo jingine. Kila asubuhi, kabla ya kugusa chochote, alisimama mlangoni na kutazama sakafu ya ukumbi kama mtu anayesoma gazeti. Maganda ya karanga chini ya benchi yalimwambia treni gani imechelewa na kwa muda gani. Tope lilimwambia mvua imenyesha wapi. Mwaka 1996 alipofanywa msimamizi wa wafagiaji kumi na wanne, somo lake la kwanza kwa kila mgeni lilikuwa hilohilo: "Isome kwanza, ndipo uifute. Ukishafagia umefuta." Wengi walimwona ana kiherehere. Walikuja kumwelewa baadaye.

Aliolewa Jumamosi tarehe 22 Agosti 1981 na karani wa tiketi wa dirisha namba mbili, ambaye yuko nasi hapa na ameruhusu yafuatayo yasomwe, kwa shingo upande. Karani huyu alikuwa mtu wa haya. Kwa wiki tatu mfululizo alichana vipande vya karatasi na kuvidondosha nje ya dirisha lake, ili mfagiaji yule asogee karibu. Siku ya ishirini na mbili mfagiaji akasimama mbele ya dirisha, akauegemea ufagio. "Kaka, dirisha namba moja na namba tatu ni safi. Una ugonjwa, au una neno?" Karani akasema ana neno. Ikawa ndiyo posa yenyewe, na waliosema ndoa iliyoanza na takataka haitadumu waliula wa chuya. Walijaliwa watoto watatu, nao wote walilelewa kwa kanuni moja: hakuna kuvuka reli. Watoto wengine wa kota walikuwa na kanuni nyingi, ila hawa wangeweza kuvunja sahani zote za kabati na kusamehewa kabla ya magharibi.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi wenu mmekuja kulisikia. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba stesheni, iliyokuwa imezidiwa na watu, itajengwa upya. Kukawekwa ukumbini sanduku la kioo lenye mfano wa jengo jipya, na vijitu vyeupe vikitembea ndani yake. Kazi ya kulifuta ikawa ya Mama Inua-Mguu. Alilifuta siku nne. Ya tano akaona kwamba pale kwenye kona ya vyoo, penye ngazi za njia ya chini, pamechorwa duka la viatu. Badala ya njia ya chini kulikuwa na daraja zuri la juu, lenye ngazi sitini na mbili, nalo liko ndani ya geti la tiketi. Asiyesafiri angelazimika kuzunguka kwa barabara kuu, mwendo wa karibu saa nzima kwa miguu. Au angevuka relini.

Alimwendea mhandisi mkuu siku hiyohiyo. Mhandisi, mtu mstaarabu, alimsikiliza akiwa amesimama, kisha akamwonyesha makaratasi. Vijana wake walikuwa wamekaa magetini wiki mbili wakihesabu watu asubuhi hadi jioni. Wanaotumia ile njia ni wachache mno, hawafiki hata mia kwa siku.

"Umewahesabia wapi, baba?"

"Magetini, mama. Kila anayepita getini kahesabiwa."

"Anayekwenda hospitali hapiti getini. Hana safari."

Mhandisi akatabasamu, akasema atalifikiria. Miezi ikapita, duka la viatu likabaki pale pale kwenye kioo. Hesabu yao haikuwa na kosa. Waliihesabia tu mahali pasipo. Naye ushahidi wake aliufuta kwa mkono wake kila asubuhi kabla ya saa mbili, kabla mkubwa yeyote hajafika kazini.

Hilo lilimjia jikoni, mvua za Aprili zikiwa zimekwisha kuanza. Upande wa mbele wa stesheni ni lami tupu, na upande huu wa ng'ambo ni udongo mwekundu, kama viatu vyenu vinavyoshuhudia sasa hivi. Mumewe wakati huo hakuwa na kazi, maana madirisha ya tiketi yalikuwa yamepunguzwa, na nyumba nzima ilitegemea ufagio mmoja. Alipomweleza anachotaka kufanya, mzee alikimbilia methali.

"Mama watoto," akasema, "mwenye nguvu mpishe."

"Nimpishe wapi, na yeye ndiye anayeziba njia?"

Mzee anasema aliona kwamba aliyekuwa moyoni mwa mkewe hakuwa mhandisi wala mkuu wa stesheni. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu.

Jumatatu tarehe 16 Aprili 2012, Mama Inua-Mguu aliwaambia wafagiaji wake waweke fagio stoo. Vyoo vioshwe, mapipa yamwagwe, ila sakafu ya ukumbi isiguswe. Akafunga stoo na kuutia ufunguo mfukoni, ili mtu akiulizwa awe na jibu. Mvua ilinyesha usiku na mchana. Jumanne mkuu wa stesheni alikuja juu. Akaambiwa kesho kutakuwa safi. Jumatano asubuhi wahandisi walikuwa na kikao, wakaingia ukumbini na viatu vyao vinang'aa, wakasimama.

Kutoka kona ya vyoo kulikuwa na njia nyekundu sakafuni. Upana wake ulitosha watu wanne bega kwa bega. Ilianzia pale palipochorwa duka la viatu, ikakata ukumbi moja kwa moja hadi mlango mkubwa wa mbele, na kuelekea magetini ilitoa tawi jembamba tu. Kulikuwa na nyayo za watu wazima, vijiatu vya shule kwa mamia, na alama mbili ndefu za magurudumu ya kiti cha mgonjwa, zilizoishia kwenye ngazi, palipoonekana wazi kwamba mtu alibebwa.

"Mama, hii ni nini?" mkuu wa stesheni aliuliza.

"Ni watu, bwana mkubwa."

"Nakuuliza huu uchafu."

"Nami ndio ninaokujibu."

Mhandisi mkuu alikuwa amechuchumaa. "Hii ni ya siku ngapi?"

"Mbili."

"Na kila siku huwa unafagia yote haya?"

"Miaka thelathini na mitatu. Ndiyo maana hamkuwaona."

Mhandisi aliinuka, akaifuata ile njia taratibu hadi kwenye ngazi, akashuka, akatokea huku ng'ambo, akarudi suruali ikiwa nyekundu hadi magotini. Mwezi uliofuata, mfano mpya uliwekwa kwenye sanduku la kioo. Duka la viatu lilikuwa limehamia ghorofani. Njia ya chini ilikuwa imepanuliwa mara tatu, ina taa pande zote na mteremko wa kiti cha magurudumu. Mama Inua-Mguu alikifuta kioo hicho, wanasema, mara sita kwa siku.

Hakupewa zawadi. Alipewa barua ya onyo, ya tarehe 20 Aprili 2012, kwa kuacha eneo la umma katika hali ya uchafu kwa makusudi. Aliitia kwenye fremu na kuitundika sebuleni, kando ya picha ya harusi. Wageni wasioisogelea walidhani ni cheti cha pongezi, naye hakuwasahihisha. Njia ilipofunguliwa mwaka 2015, mhandisi alimtafuta nyuma ya umati, akamwomba awe wa kwanza kupita. Alikataa. "Mimi nilikwisha kupita. Pitisha watoto wa shule, wamechelewa." Akasimama juu ya ngazi akiwatazama mpaka wa mwisho alipotokea upande wa pili, na wafagiaji waliokuwa karibu wanasema ndiyo mara pekee walipomwona akilia kazini. Alistaafu tarehe 31 Machi 2018. Tangu njia hiyo ifunguliwe hadi leo hakuna mtoto wa kota aliyegongwa na treni.

Mwaka 2021 alianza kukohoa kikohozi kisichosikia dawa. Hospitali ikaona mapafu yamechoka kwa vumbi la miaka mingi. Kwa mwaka wa mwisho alikuja kliniki kwa kiti cha magurudumu, akisukumwa na kitindamimba wake, mwalimu wa hesabu, ambaye ndiye anayewasomea haya. Safari ya dakika kumi ilichukua nusu saa. Alisimamisha kiti kukagua kona. "Hapa wamefagia kwa macho," alisema, na siku nyingine, "Huyu wa leo anajua kazi, ulizeni jina lake." Alhamisi tarehe 3 Oktoba, wakirudi nyumbani, aliomba asimamishwe katikati ya njia ya chini. Watoto wa shule walikuwa wanatoka, wakawapita huku na huku kwa kelele. Mwanawe alimuuliza kama anaumwa. "Siumwi. Acha niwasubiri wapite," akasema. Wakasubiri mpaka wakaisha.

Alifariki Jumanne tarehe 8 Oktoba 2024, saa mbili asubuhi, akiwa na miaka sitini na sita. Aliomba azikwe hapa, mkono wa kushoto wa dada yake, na ndivyo tunavyofanya.

Ameacha mume, ambaye tangu Jumanne amekuwa akidondosha vipande vya karatasi sebuleni na hataki viokotwe. Ameacha watoto watatu: dereva wa lori, muuguzi na mwalimu. Wajukuu watano, ambao wote hawavuki reli. Wakwe, majirani wa kota, na wafagiaji kumi na wanne aliowafundisha kusoma.

Hao kumi na wanne walimwendea mkuu wa stesheni wa sasa jana, wakamwomba ruhusa. Tulipomleta asubuhi hii tulipita njia yake, jeneza mabegani, wafanyakazi wa zamu wakiwa wamejipanga ukutani. Usiku ulikuwa wa mvua. Tutakaporudi nyumbani, tutapita palepale, na udongo huu tulioukanyaga utakuwa kwenye viatu vyetu. Msifute viatu mlangoni. Leo hapafagiwi. Kuanzia kona ya vyoo hadi mlango mkubwa, nyayo zetu zitabaki mpaka kesho asubuhi, ili atakayeshika ufagio wa kwanza asimame, azisome, ajue ni watu wangapi walimpenda mama huyu.

Mama, umewasubiri vya kutosha. Wote wamepita salama. Lala.