Jezi Moja, Makwotabeki Watatu

Mheshimiwa Meya Lorna Dietz. Mwalimu Mkuu Bwana Pruitt na walimu wako. Padri Anselm na Mchungaji Oberle, ambao leo mmekaa meza moja na hamjagombana. Makocha wa zamani na wa sasa. Wazazi wa wachezaji. Wafanyakazi wenzangu wa zamu ya kwanza, ambao najua miguu inawauma. Na nyinyi mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimekwisha: habari za jioni.

Mwalimu Mkuu aliniambia, "Mzee Eusebio, wewe sema asante, pokea saa yako ya kustaafu, halafu tuendelee na kura." Nikamwambia sawa. Kisha Mheshimiwa Meya akanipigia simu nikiwa nimeloweka miguu kwenye karai, akasema, "Usimsikilize huyo. Tuambie nani alikuwa bora. Mji umegombana vya kutosha." Kwa hiyo, Mwalimu Mkuu, unisamehe. Saa nitaipokea, tena kwa furaha, lakini kwanza nitamtii Meya.

Jambo lenyewe watu wa Orrin mnalijua. Wageni waliotoka mbali naomba walisikie kwa ufupi. Kwenye ukuta wa ukumbi mpya wa shule itawekwa jezi moja ya timu yetu ya Fahali, namba kumi na mbili, ndani ya kioo, na chini yake jina moja. Baada ya hapo namba hiyo haitavaliwa tena. Imevaliwa na makwotabeki watatu wakubwa, na kwotabeki, kwa asiyejua, ni yule anayepokea mpira wa kwanza na kuamua aurushe, ampe mwenzake, au akimbie nao mwenyewe. Wakulima wanamtaka Wendell Kroeger, wa miaka ya themanini. Watu wa kiwanda cha nyama, yaani watu wangu, wanamtaka Isidro Barrientos, ambaye ni kama jana tu alikuwa anacheza, na ambaye mama yake alikata nyama karibu yangu kwenye mkanda mmoja unaotupitishia nyama. Katikati yao yuko Troy Haskamp, wa mwaka elfu mbili na moja, ambaye sijasikia mtu akimtaka. Ameingizwa kwenye kura kwa sababu hakuna aliyewahi kurusha mpira kama yeye katika wilaya hii, na jambo hilo halifichiki. Nasikia amekuja. Ndiye yule aliyekaa karibu na makoti. Karibu nyumbani, Troy. Miaka ishirini na kitu ni mingi.

Sasa, mimi ni nani hata niulizwe? Nimetoka Jalisco, ng'ambo ya mpaka wa kusini, nikiwa na elimu ya darasa la nne na kisu cha marehemu baba. Kwetu mpira huchezwa kwa miguu. Nilipofika hapa nikaona watu wazima wameushika mikononi, nikadhani wanaugombania ili mmoja auweke chini mchezo uanze. Nikasubiri uanze mpaka watu wakaenda nyumbani. Msimamizi wangu aliona ninavyoshangaa, akanipa fimbo yenye mnyororo. Akasema, "Eusebio, sikiliza. Timu ina nafasi nne za kusogeza mpira yadi kumi. Mnyororo huu ni yadi kumi. Wakifika, unasogea nao. Wasipofika, mpira ni wa wenzao. Na usishangilie, hata afunge mwanao." Hiyo ndiyo elimu yangu yote ya mpira. Nimeitumia kila Ijumaa jioni kwa miaka arobaini, nikitoka kazini na harufu ya damu kwenye mikono.

Lakini kuna jambo ambalo labda hamjalifikiria. Watu wa mnyororo tunasimama upande wa wageni. Nyinyi mliwatazama vijana wetu mkiwa na blanketi na kahawa, mkiwasifu. Mimi niliwatazama nikiwa katikati ya maadui zao, nikisikia wakitukanwa. Na mtu akitaka kujua thamani ya kwotabeki, asikae na shangazi zake.

Wendell, wakati wako makocha wa wageni walikuwa wanapiga kelele, "Mshikeni miguu, hilo ni trekta." Wendell hakurusha mpira. Aliutupa, kama mtu anayempandishia jirani gunia la mahindi kwenye gari, labda mara tano katika mchezo mzima, na mara tatu uliangukia mahali pabaya. Zilizobaki alikimbia nao mwenyewe kwenye tope, watu wawili wakiwa wamemning'inia. Unanisikia, Wendell? Mkewe anasema hasikii. Mwambie namsifu.

Isidro alipotokea mara ya kwanza, wageni walicheka. Nilimsikia mmoja akisema, "Yule mfupi ni nani? Amekuja kuuza tamale?" Tamale ni chakula chetu cha unga wa mahindi, na wenzake wakacheka tena. Mimi nina fimbo mkononi na sheria inanikataza kufungua mdomo. Dakika chache baadaye yule yule akawa anauliza, "Jamani, amepita wapi?" Hakuna aliyemjibu, maana hakuna aliyeona. Isidro alitukimbiza sisi watu wa mnyororo mpaka mwenzangu Harlan akasema, "Huyu kijana atatuua kabla hajamaliza shule." Mkiyaomba magoti yangu yapige kura, yatampigia Wendell. Kwa Wendell tulitembea.

Na Troy? Wakati wa Troy upande wa wageni palikuwa kimya. Kocha mmoja alivua kofia, akaitazama ndani kama aliyepoteza kitu humo, akasema polepole, "Anajuaje?" Troy alikuwa anarusha mpira mahali pasipo na mtu, na mtu wetu anatokea hapo hapo.

Sasa niambieni, watu hawa unawalinganishaje? Mimi na rafiki yangu Refugio tumebishana jambo kama hili kwenye chakula cha mchana tangu tukiwa na nywele nyeusi. Zamani mkanda wa kiwandani ulikwenda polepole, lakini visu vilikuwa butu na sakafu ilikuwa barafu. Siku hizi visu vinakata vizuri, glavu ni za chuma, lakini mkanda unakimbia kama umeibiwa. Mkataji bora ni yupi, wa zamani au wa sasa? Refugio husema wa zamani, kwa sababu ni yeye. Mimi sijui. Wendell alinyanyua marobota ya nyasi kavu, hakujua chumba cha mazoezi. Isidro alicheza kwenye nyasi za plastiki ambazo hazijui mvua. Ukimpeleka Isidro kwenye tope la mwaka themanini na tano, angepita? Ukimleta Wendell kwenye plastiki, angesimama wapi? Wiki iliyopita nilimuuliza mwenyewe dukani. Alifikiri sana, akasema, "Eusebio, mimi nilihitaji tope. Lilikuwa linawachelewesha wale wenye akili." Basi mtu akikwambia hivyo mwenyewe, utamlinganishaje?

Nikaona nitafute kitu ambacho hakikubadilika. Nyasi zimebadilika, kofia zimebadilika, hata uzito wa vijana umebadilika. Mnyororo ni ule ule. Na kuna wakati mmoja ambapo unaletwa uwanjani, pale ambapo waamuzi hawana hakika kama mpira umefika. Hapo mchezo husimama, nasi tunaingia katikati ya vijana, tunaunyoosha pembeni mwa mpira. Kwotabeki yuko hatua mbili kutoka kwangu. Kila mmoja wa hawa watatu nimemwona hapo mara nyingi, nami nimejiuliza: huyu anafanya nini wakati hana la kufanya?

Wendell hakutazama mnyororo hata siku moja. Alitugeuzia mgongo, akiwa ameshawakusanya wenzake. "Uwe umefika au haujafika," aliwaambia, "tunapita pale pale." Nilimpenda kwa hilo. Isidro alinisalimia. Katikati ya yote hayo anasema, "Shikamoo, Mzee Eusebio, mgongo unaendeleaje?" Wageni wanazomea, yeye anangoja jibu. Mama yake alimlea vizuri, na wenzangu wa kiwandani wanampenda kwa hilo, nami nawaelewa. Jana Refugio aliniambia, "Ndugu yangu, ukitaja jina lingine usije kwangu Jumapili." Refugio, mkeo anapika vizuri, kwa hiyo ujue ninavyosema haya si kwa urahisi. Lakini salamu nzuri si mpira.

Troy alikuwa anauliza. Alichuchumaa, akatazama mpira, kisha akawauliza wenzake. "Yule wa kushoto anaegemea wapi?" "Mguu wako umepona?" "Nani amechoka?" Mwanzoni nilidhani ana wasiwasi. Kwotabeki ni mkubwa, kwa nini aulize wadogo?

Ndipo tunafika kwenye ile nusu fainali na Kesterton, na naona watu wameanza kutazama sahani zao. Tulikuwa nyuma kwa pointi nne, mpira uko karibu na mstari wao, imebaki nafasi ya mwisho. Mnyororo ukaletwa, ukakuta tumepungukiwa upana wa kiganja. Kiganja tu. Kila mtu mjini alijua Troy atajirusha mwenyewe mbele, maana ndivyo kwotabeki anavyofanya penye kiganja. Hakujirusha. Alimpa mkimbiaji mpira, huyo akapita nyuma ya bega la Boone Stuhr, mzuiaji wetu aliyepaswa kumfungulia njia, na wale wa Kesterton wakamzima hapo hapo. Tukatolewa. Kesho yake mtu akafunga kuku kwenye geti la kina Haskamp, amevalishwa karatasi yenye namba kumi na mbili. Mkasema ana moyo wa kuku, aliogopa kugongwa. Mmelisema kwa kinyozi, mmelisema kanisani, mmewafundisha watoto ambao wakati ule hawakuwa wamezaliwa.

Boone yuko hapa. Simama, Boone, ingawa hata ukikaa tunakuona. Boone amewaambia nyinyi watu kwa kinyozi miaka yote hii kwamba ni yeye aliyemwambia Troy apitishe mpira upande wake. Na nilikuwepo siku moja nikinyolewa, nikasikia mlivyomjibu. "Boone, una moyo mzuri. Kaa unyolewe." Mlidhani anamsitiri rafiki. Nami nilinyamaza, kwa sababu mtu wa mnyororo hatoi nje yanayosemwa kwenye mpira, na kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Leo nimestaafu kushika mnyororo, na Meya ameniuliza.

Ilikuwa hivi. Mimi nimeshika fimbo, Troy amechuchumaa. Akamwambia Boone, "Boone, yule aliye mbele yako, unamweza?" Boone akasema, "Namweza. Njoo kwangu." Troy akamtazama hivi, akauliza tena, "Kweli?" Boone akasema, "Si nimekwambia?" Troy akasema, "Basi kwako." Ni hayo tu. Sikuona mtu aliyeogopa. Nilimwona anayeuliza, akajibiwa, akaamini alichojibiwa. Walipozidiwa, kelele za Kesterton zikaanza, watu wakamzunguka Troy wakimuuliza kwa nini, kwa nini. Alisema, "Niliamua mimi." Na Boone pale chini anajaribu kuinuka aseme, hakuna anayemtazama.

Lakini kuna kitu sikielewi mpaka leo, na sipendi kustaafu nikiwa sikielewi. Troy, naomba usimame. Usiogope, yule kuku alikufa zamani. Kwa nini ulimuuliza? Wewe ndiye uliyekuwa na mkono mzuri kuliko wote. Wewe ndiye ungeandikwa kwenye gazeti. Kiganja kimoja. Kwa nini?

Wa nyuma mmesikia? Hamkusikia. Sauti yake imekuwa ndogo. Basi nitarudia alivyosema, neno kwa neno. Anasema, "Mzee Eusebio, mimi nilipokuwa nimesimama niliona migongo tu. Boone ndiye aliyekuwa anamwona yule mtu usoni."

Nilisimama hatua mbili kutoka kwake na sikuwahi kulifikiria hilo.

Niseme ukweli, Troy, bado nadhani ulikosea. Ningekuwa wewe ningejirusha mwenyewe, na Wendell pale anaitikia kwa kichwa kwamba naye angejirusha, kwa hiyo ameanza kusikia. Na huenda pia tungeshindwa, nani ajuaye? Siku ile Boone alikuwa na kilo nyingi na yule wa Kesterton alikuwa nazo zaidi. Lakini katika maisha yangu nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi wanaosimama nyuma, wanaona migongo yetu tu, wanaamua mkanda uende kasi gani, na sijapata hata mmoja aliyeshuka akaniuliza, "Yule aliye mbele yako, unamweza?" Kijana wa miaka kumi na saba aliuliza, mji mzima ukimpigia kelele aharakishe. Jibu lilipomgharimu, hakumrudishia lawama aliyelitoa.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Meya, mimi nilitumwa nilinganishe nyakati, nikashindwa. Sijui nani angepita kwenye tope la nani. Najua tu nani kati yao ningetaka awe nyuma yangu wakati mimi ndiye niliye mbele. Mkono wangu huu hapa, na ni wa Troy Haskamp. Isidro, unajua nakupenda, na mama yako atanisamehe kabla ya Krismasi. Wendell, wewe utasamehe leo leo. Zamu ya kwanza, nawaona mnavyonikodolea macho. Tutabishana kesho saa sita kama kawaida, mje na hoja.

Wengine mnyooshe mikono mnavyoona. Ila kabla hujanyoosha, mgeukie aliyekaa pembeni yako, umuulize yeye aliona nini. Inawezekana hajawahi kuulizwa.

Nawashukuru waliopika, waliopanga viti, na wake zetu waliofua zile nguo za tope. Namshukuru Harlan, aliyeshika ncha ya pili. Boone naona mkono wako uko juu tayari, na bado umesimama. Mheshimiwa Meya, unaweza kuanza kuhesabu kutoka hapo. Nami nasema, kwenu nyote, wa mbele na wa nyuma, asanteni kwa kunisikiliza.