Mwalimu Ingia na Mtoto Aliyemrudisha Nyumbani

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia naomba mtuazime masikio, tumzungumzie kwa mara ya mwisho mwalimu wetu, mliyezoea kumwita Mwalimu Ingia.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1947, mtoto wa kwanza wa dobi na mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akaanza shule ya msingi mwaka 1955, akaendelea na sekondari ya wasichana, na Desemba 1968 akahitimu chuo cha ualimu, akisifika kwa mwandiko ambao hata aliyefeli aliufurahia kwenye karatasi yake.

Tarehe 8 Januari 1969, siku yake ya kwanza kazini, alikabidhiwa daftari la kuandikisha darasa la kwanza, na kwenye foleni akatokea mama yake mzazi, amembeba mgongoni kitinda mimba wake, msichana wa miaka saba aliyepooza miguu, aliyejua kuhesabu hadi mia na aliyekwisha kushonewa sare. Kanuni ya wakati huo ilikataza kumpokea mtoto asiyeweza kutembea mwenyewe hadi darasani, mwalimu mkuu alikuwa amesimama nyuma ya kiti, na marehemu, kwa kuogopa kupoteza kazi aliyoianza asubuhi ileile, akaandika mbele ya jina la mdogo wake maneno mawili, arudi akipona. Mtoto aliyaamini, na kwa miaka minne, kila Januari, aliomba aogeshwe mapema na kuvalishwa sare, hadi ilipokataa kupita mabegani.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 5 Juni 1973 na fundi seremala, aliyependa kututania kwamba barua yake ya posa ilirudi imesahihishwa kwa wino mwekundu, wakajaliwa watoto watatu. Mwaka 1979 alikwenda kusomea elimu maalumu, akarudi kufungua darasa la watoto kumi na mmoja ndani ya stoo ya shule, mumewe akamtengenezea mteremko wa mbao mlangoni, na kila mzazi aliyesita pale nje aliambiwa neno moja tu, ingia.

Mwaka 1996, kamati ya sheria ya elimu kwa watu wenye ulemavu ilipoita ushahidi, wengine walileta takwimu, yeye akaleta daftari la 1969, akausoma mwandiko wake mwenyewe mbele ya watu, akalia. Sheria ilipitishwa tarehe 14 Agosti 1998, ikizuia shule kumkataa mtoto kwa ulemavu wake, naye akaenda mbio kwa mdogo wake, wakati huo fundi wa cherehani cha mkono, kumwambia nafasi yake ipo. Mdogo wake alimjibu kwa upole kwamba kusoma alishajifunza kwa vitabu vya watoto wa dada, ila darasa la kwanza alilitaka akiwa na miaka saba. Maji yakimwagika hayazoleki, na marehemu aliishi na hilo.

Aliugua figo tangu Novemba 2018, akafariki tarehe 3 Mei 2019, saa kumi alasiri. Siku mbili kabla, aliomba tena msamaha, mdogo wake akamwambia alishamsamehe zamani, lakini hadi leo akisikia kengele ya shule hutamani kuitwa jina, basi marehemu akamwita, majina yote matatu, taratibu, kama mwalimu aitavyo asubuhi, naye akaitika, nipo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotubeba, walimu wenzake, na wanafunzi wake mliofika kwa magongo na viti vya magurudumu.

Dada yetu mkubwa, kazi umeimaliza, sasa pumzika kwa amani.