Kichwa cha Chuma Alichosubu Mkwe Wangu

Benchi la mbele ya mlango wangu lina miguu mitatu, tofali moja, na wanaume watatu wasio na haya. Nauza kahawa, kwa hiyo nasikia yote. Yupo Spana, fundi wa malori. Yupo Redio, mstaafu asiyezimika. Na yupo Tindo, mwanangu wa kumzaa, fundi wa kuchomelea. Karakana ya kusubu chuma, yaani kukiyeyusha na kukimimina kwenye kalibu ya mchanga, ilitafuta mtu wa kusubu vichwa vya mashine ya kuchimba visima. Tindo alijaribu, mkewe naye akajaribu. Cha Tindo kilipasuka. Cha mkewe leo kiko ardhini kinatafuna mwamba, na mwanangu tangu asubuhi hajameza kitu ila wivu.

TINDO: Jioni hakifiki kile. Kitarudi vipande vipande.

SPANA: Mchanga wa kalibu kautia dawa. Watu wameona.

TINDO: Watu gani?

SPANA: Watu, bwana!

REDIO: Dawa wapi! Kile si chuma cha pua hata kidogo. Ni jiwe lililodondoka kutoka mbinguni, wakampa yeye kwa siri.

TINDO: Ndiyo maana siku hizi ananiangalia kama mteja!

MIMI: Chako ulikifukua mchangani kingali moto, una haraka kama mwenye kuharisha. Mwenzako alikiacha siku mbili kipoe taratibu, yeye akafua nguo zako.

TINDO: Mama, uko upande wa nani?

MIMI: Upande wa birika. Lete kikombe.

Hapo akaja kijana wa mashine, tope mpaka kwenye nyusi.

KIJANA: Shikamoo bibi. Habari zenu, wazee.

TINDO: Kimevunjika, eeh?

KIJANA: Kivunjike? Maji yametoka! Wanataka vingine sita. Fundi wetu anahitaji mtu wa kumchekechea mchanga, akasema nianze kwa mume wake, ana mikono mizuri ila hana subira. Ni yupi hapa?

Spana akamtazama Redio. Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akazimika. Mwanangu akainama akakagua ndara zake.

KIJANA: Hayupo?

Kidole changu kilikuwa tayari kuonyesha. Nikakirudisha kwenye birika. Nimeshamzaa mara moja, inatosha.